Kukisuka upya kikosi cha White Sox tukiwa Moshi: tathmini ya programu ya Out of the Park Baseball

Tangu fainali za Ligi Kuu ya beseboli ya Marekani zinapomalizika, mwishoni mwa Oktoba au siku za mwanzo za Novemba, hadi msimu mpya unapofunguliwa mwishoni mwa Machi, mshabiki hana mchezo wa kutazama na kazi inayomsalia ni kubishana: nani auzwe, nani aongezewe mkataba, nani apewe muda, na kama meneja mkuu anajua anachokifanya au anawapotezea watu wakati. Ninachokitathmini hapa ni programu ya kompyuta inayofaa ubishi wa aina hiyo kuliko kitu kingine ninachokifahamu. Inaitwa Out of the Park Baseball, na katika kijiwe chetu cha Majengo, hapa Moshi, imegeuza kabisa namna tunavyobishana.

Kijiwe chenyewe ni stesheneri ya Mangi, mahali ambapo mteja anakuja kutoa fotokopi ya cheti cha kuzaliwa na kukuta watu wazima wakigombana kuhusu mshahara wa mtu aliye Chicago. Atakayeuliza beseboli imefikaje huku akumbuke kwamba Wajapani wana historia ndefu mkoani Kilimanjaro, hasa katika mashamba ya mpunga ya Moshi chini, na kwamba hata uwanja wa beseboli ulioko Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, ulijengwa kwa msaada wa Japani. Mwalimu, ambaye ni mstaafu wa hisabati na mkubwa wetu kwa umri, aliufahamu mchezo huu kutoka kwa kijana wa Kijapani aliyekuja kujitolea. Mangi yeye ana mdogo wake anayeishi upande wa kusini wa Chicago, na ndiye aliyetuletea White Sox, klabu ya beseboli ya upande huo wa jiji, zawadi ambayo hatujaamua kama tumshukuru nayo au la. Tangu Mei 2025 tumepata hata mtetezi mkubwa zaidi, kwa kuwa Papa Leo XIV ni mzaliwa wa Chicago, ni shabiki wa White Sox, na alikuwapo uwanjani katika mchezo wa kwanza wa fainali za 2005, mwaka ambao klabu hiyo ilitwaa ubingwa kwa mara ya kwanza tangu 1917. Dada, muuguzi anayepita kijiweni akitoka zamu, husema kwamba kwa hali ya timu yetu, sala zinahitajika kweli.

Hali yenyewe ni hii. Mwaka 2024 White Sox walishinda michezo 41 na kupoteza 121, idadi kubwa ya vipigo kuliko timu yoyote katika zama za kisasa za ligi hiyo, wakiwapita New York Mets wa 1962 waliopoteza 120. Mwaka 2025 walipoteza 102, jambo ambalo katika kijiwe chetu lilipokewa kama maendeleo. Desemba 2024 walimuuza Garrett Crochet, mrushaji wao bora, yaani yule anayemtupia mpigaji mpira, kwa Boston Red Sox na kupewa vijana wanne, naye Crochet akaenda huko akaongoza tawi lake la ligi (Ligi Kuu ina matawi mawili, American na National) kwa kuwatoa wapigaji kwa mapigo matatu. Kinachouma zaidi ni kwamba safari hii tumeshaipita. Desemba 2016 klabu hiyo hiyo ilimuuza Chris Sale kwa Boston hiyo hiyo, ikaambiwa isubiri, ikasubiri, ikashinda michezo 93 na kuongoza kundi lake mwaka 2021, kisha ikaporomoka hadi vipigo 101 mwaka 2023, na kabla msimu huo haujaisha Kenny Williams na Rick Hahn, waliokuwa wakisimamia kikosi, wakaondolewa na nafasi ya meneja mkuu akapewa Chris Getz. Kwa hiyo swali la kijiweni halihusu jina la mchezaji mmoja. Swali ni kama kikosi kinasukwa kweli au tunazungushwa mara ya pili, na hapo ndipo programu hii inapoingia.

Out of the Park ilianza mwaka 1999, ikiwa kazi ya Mjerumani Markus Heinsohn, na tangu 2020 ni mali ya kampuni ya Com2uS ya Korea Kusini. Hutoka toleo jipya kila mwaka, muda mfupi kabla ya msimu kuanza, likiwa na klabu zote 30 za Ligi Kuu, timu zao za ligi ndogo wanakokuzwa vijana, majina halisi, mikataba halisi na mishahara halisi. Mtumiaji hapigi mpira wala haurushi. Anachokiona mbele yake ni majedwali: safu juu ya safu za takwimu, alama za uwezo zinazoanzia 20 hadi 80 kama wanavyozitumia maskauti wenyewe wa beseboli, barua kutoka kwa mmiliki, taarifa za majeruhi, na kalenda. Mwanangu alipoiona mara ya kwanza alidhani nafanya hesabu za SACCOS. Mtu anayetafuta mchezo wa kukimbia na kupiga mpira atachoka nayo mapema, na sitamlaumu, ingawa upo mwonekano wa uwanja ambamo mchezo unaweza kufuatwa tukio kwa tukio. Sisi tumeutumia kidogo sana, kwa sababu utamu wa programu hii uko ofisini.

Nikieleza kwa mfano mmoja tu kile inachokifanya vizuri kuliko vyote, nitachagua orodha ya wachezaji 40. Kila klabu ya Ligi Kuu ina kikosi cha wachezaji 26 wanaocheza, lakini nyuma yake ipo orodha pana ya 40, na mchezaji wa ligi ndogo ambaye ametimiza miaka yake ya kungoja, yaani minne kwa aliyesajiliwa akiwa na umri wa miaka 19 au zaidi, na mitano kwa aliyesajiliwa akiwa mdogo zaidi, asipoingizwa katika orodha hiyo anaweza kuchukuliwa na klabu nyingine kila Desemba, katika mgao unaojulikana kwa jina la Kanuni ya 5. Klabu inayomchukua hulipa dola 100,000 na inalazimika kumweka katika kikosi cha wachezaji 26 msimu mzima, la sivyo izipe kwanza klabu nyingine nafasi ya kumchukua na, zisipomtaka, imrudishe alikotoka kwa nusu ya bei. Mshabiki anaweza kuifuatilia beseboli miaka mingi bila kujali kanuni hii. Katika programu, hata hivyo, siku ya mwisho ya kuwalinda vijana inapofika, kompyuta inakukumbusha, orodha yako imejaa, na kila jina unaloliingiza linadai jina la kufutwa.

Tulipofika siku hiyo, Mangi aliichapisha orodha yote kwenye karatasi ya A4 na kuibandika ukutani, pembeni ya bei za fotokopi na laminesheni. Tulikuwa na vijana watatu wa kulinda na nafasi moja. Mwalimu alichukua kalamu nyekundu akaanza kufuta kwa kufuata umri, mkubwa kwanza, na hakukuwa na aliyempinga hadi alipofika kwa mrushaji mmoja wa miaka 25, asiye na jina wala mkwaju wa kutisha, ambaye Dada alikuwa amemfuatilia tangu tulipoanza.

“Mwalimu, shikamoo nimekupa,” Dada alisema, “lakini huyo ukimfuta leo, kesho utamkuta kwa watu anatuua.”

“Kwa takwimu zipi, mwanangu?”

“Kwa za Shane Smith.”

Hoja hiyo ilikuwa nzito, kwa kuwa Shane Smith ni ushahidi halisi. Alikuwa wa Milwaukee Brewers, hakulindwa, White Sox wakamchukua katika mgao wa Desemba 2024, na Julai 2025 alikuwa ameteuliwa katika timu ya nyota wa ligi. Ubishi ule ulichukua jioni nzima, wateja wawili wakahudumiwa wakiwa wamesimama mlangoni, na mwishowe aliyefutwa alikuwa mchezaji mzoefu ambaye kila mmoja wetu alikuwa anamtetea wiki chache kabla. Sijawahi kuona mjadala wa usajili wa Simba au Yanga, ambao tumeukulia, ukifika kwenye swali la aina hiyo, kwa sababu katika usajili tulioujua wenye kelele hudai mtu aletwe, na huwa hawalazimiki kutaja ni nani atakayempisha. Programu hii hairuhusu kuleta bila kutoa, na hiyo ndiyo sababu ninaithamini.

Jambo la pili ililotufundisha ni kwamba mchezaji ni uwezo wake pamoja na muda uliobaki katika mkataba wake, na vitu hivyo havitenganishwi. Mchezaji wa Ligi Kuu hana uhuru wa kujiuza hadi atimize miaka sita ya utumishi. Mitatu ya mwanzo, kwa wengi, hulipwa kiasi kisichopita sana kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000, na mitatu inayofuata mshahara wake unaweza kuamuliwa na wasuluhishi. Programu inayaonyesha haya yote katika safu moja, mwaka kwa mwaka, kwa hiyo unapomtazama kijana mwenye alama 55 na miaka mitano ya bei nafuu mbele yake, na pembeni yake mkongwe mwenye alama 60 ambaye mkataba wake unakwisha, unaelewa kwa nini meneja mkuu anaweza kumchagua wa kwanza huku uwanja mzima ukimzomea.

Mfano uliotugawa kwelikweli ni wa Luis Robert Jr. Mwaka 2023 alipiga mipira 38 iliyovuka uzio, na ndio mwaka pekee aliocheza zaidi ya michezo 120 katika msimu. Miaka mingine majeraha yamekuwa yakimrudisha benchi. Mkataba wake uliipa klabu hiari ya kumbakiza kwa mwaka 2026 kwa dola milioni 20 au kumwachia kwa kumlipa milioni 2, na Novemba 2025 klabu ikaamua kumbakiza. Mangi aliona ni ubadhirifu. Mwalimu aliona ni akili, kwa kuwa mchezaji uliyemwachia huwezi kumuuza. Katika programu kipo kitufe cha kumtembeza mchezaji sokoni, ambapo klabu nyingine hutaja mara moja ziko tayari kutoa nini, na tulipomtembeza Robert zilikuja ofa za vijana wa kawaida, ambazo Mangi mwenyewe alizitazama akanyamaza. Kisha tukagusa sehemu ya kukubali kubeba nusu ya mshahara wake, na majina yaliyokuja yakawa ya daraja jingine kabisa. Hapo ndipo nilipoelewa mnunuzi anatafuta nini: anataka kipaji, lakini anataka zaidi mzigo wa fedha ubaki kwa muuzaji. Klabu yenye mmiliki mgumu wa mkono haiwezi kufanya biashara hiyo, na Jerry Reinsdorf, ambaye amekuwa akiimiliki White Sox tangu 1981, hajawahi kusifiwa kwa kufungua mkono. Mkataba mkubwa kuliko wote katika historia ya klabu hiyo, ule wa Andrew Benintendi wa dola milioni 75 kwa miaka mitano, kwa klabu kadhaa za jiji kubwa ungekuwa wa kawaida.

Swali la wadakaji wawili nalo lilipata sura mpya. Mdakaji ni yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, nafasi inayochosha mwili na isiyopatikana kirahisi, na White Sox wana vijana wawili wenye uwezo katika nafasi hiyo moja: Kyle Teel, aliyekuja katika biashara ya Crochet, na Edgar Quero, aliyetoka Los Angeles Angels mwaka 2023. Kijiweni tulikuwa na kambi mbili, ya kumuuza mmoja na ya kuwabakiza wote. Tuliiendesha programu kwa njia zote mbili, kila kambi na faili lake, na hata sasa hatujapata mshindi, kwa sababu katika faili la wauzaji Teel aliumia goti mwezi wa Mei na timu ikabaki bila mdakaji, wakati katika faili la wabakizaji wote wawili walikuwa wazima na mmoja wao alikaa benchi akishuka thamani. Bahati imewekwa kwa makusudi ndani ya programu, kama ilivyo katika mchezo wenyewe, na faili moja haliwezi kuthibitisha lolote. Hili wenzangu wengine hawalitaki kulisikia. Kuna kijana hapa kijiweni ambaye kila akishinda kwenye kompyuta anatangaza kwamba Getz ni mbumbumbu, na hilo ni tumizi baya la chombo kizuri.

Sasa nije kwenye upungufu. Wafanyabiashara wa kompyuta, yaani mameneja wa klabu nyingine 29, hufuata mizani unayoiweka mwenyewe. Ukiacha ugumu wa biashara katika kiwango cha chini, utakusanya nyota kwa kutoa wachezaji watatu wa wastani kwa kila mmoja, na baada ya msimu mmoja hakutakuwa na tofauti kati yako na mtoto aliyeandikiana na mwenzake timu ya ndoto. Ninashauri ugumu uwekwe juu kabisa, na ile mizani ya kuchagua kama klabu zipendelee wakongwe au chipukizi ielekezwe kwa chipukizi kidogo, kwa kuwa ndivyo klabu za sasa zinavyofikiri. Vilevile usahihi wa maskauti usiwekwe juu mno. Mtu akijua kwa hakika kijana wa miaka 18 atakuwa nani akifika 25, hakuna tena uamuzi wa kufanya, anachofanya ni kuokota.

Tatizo hilo la kujua yajayo linajitokeza kwa nguvu zaidi katika sehemu ya historia. Programu inakuruhusu kuanza msimu wowote tangu 1871, na Mwalimu, ambaye kuuzwa kwa Sale hakujamtoka moyoni, alirudi hadi 2016 akakataa kumuuza. Ipo mipangilio miwili. Katika mmoja, wachezaji hufuata kwa karibu maisha yao halisi, na hapo kila mwenye kumbukumbu anakuwa mganga: anajua kwamba Sale ataumia, atarudi, na mwaka 2024 atatwaa tuzo ya mrushaji bora wa tawi la National akiwa Atlanta. Katika wa pili, injini ya programu inawakuza wachezaji kwa njia yake yenyewe, na majina makubwa yanaweza kufifia huku yasiyojulikana yakipanda. Ni huu wa pili tu ndio wenye maana kwa mtu anayetaka kupima uamuzi wa 2016 kwa macho ya 2016. Mwalimu alianza na wa kwanza, akabeba kombe, akafurahi siku mbili, kisha akakiri kwamba hakuna alichokipima.

Lipo pia eneo ambalo programu hii haiwezi kulifikia, nalo ni watu. Wachezaji wamepewa tabia, kama vile uaminifu, uchu wa fedha, uongozi na bidii ya kazi, na mchanganyiko wao huathiri hali ya chumba cha kubadilishia nguo. Ni jitihada ya kuheshimiwa. Lakini mchezaji huru wa ndani ya kompyuta husukumwa zaidi na ukubwa wa ofa, wakati huku nje mambo ni mengi. Desemba 2025 White Sox walimpata Munetaka Murakami, Mjapani aliyepiga mipira 56 ya kuvuka uzio kwa Yakult Swallows mwaka 2022, kwa mkataba wa miaka miwili wenye thamani ya dola milioni 34. Klabu nyingi ziliogopa jinsi anavyokosa mipira mingi, mkataba mrefu haukupatikana, naye akachagua mfupi katika timu dhaifu ambako atacheza kila siku na kurudi sokoni akiwa bado kijana. Hesabu ya namna hiyo, ya mtu kukubali kidogo leo ili adai kikubwa kesho, programu huifikia kwa kubahatisha. Mwalimu alipopata habari za Murakami alifungua soda kwa kijiwe kizima, na hakuna jedwali lililoweza kumshawishi kwamba mapigo ya hewa ni mengi mno.

Kanuni za drafti, yaani mgao wa kila mwaka wa vijana wapya ambapo klabu huchagua kwa zamu, nazo zinahitaji uangalifu. Tangu 2023 nafasi sita za kwanza hupangwa kwa bahati nasibu, na klabu inayochangia katika mfuko wa kugawana mapato hairuhusiwi kupata nafasi ya bahati nasibu hiyo miaka miwili mfululizo, ndiyo maana White Sox waliopoteza michezo 121 waliangukia nafasi ya 10 katika drafti ya 2025. Kijiweni tulilia kwamba tumeonewa. Desemba 2025 bahati nasibu ikatuangukia sisi na tukapata nafasi ya kwanza kwa mwaka 2026. Anayeingia katika programu akidhani kwamba kufungwa kwa makusudi kutamletea kijana bora kila mwaka na aisome kwanza mipangilio ya drafti aone ni kanuni zipi zimewashwa.

Kuhusu gharama, bei ya toleo jipya linapotoka huwa dola 39.99, ambayo ni karibu shilingi laki moja, na kadiri msimu unavyosonga hushushwa, mara nyingine kwa kiasi kikubwa. Hununuliwa mtandaoni, kwa kadi. Benki moja ya hapa mjini iliikataa kadi yangu pasipo kunieleza sababu, na nilisaidiwa na kadi ya mtandaoni inayotolewa kupitia pesa za simu, ambayo kwa malipo ya namna hii ndiyo ninayoipendekeza. Upakuaji ni wa gigabaiti kadhaa, kwa hiyo mnunuzi atumie intaneti ya bando kubwa au ya ofisini kwa mtu, lakini baada ya hapo unaweza kucheza peke yako bila intaneti, na kompyuta ya mezani ya kawaida, kama ile ya Mangi inayochapisha kadi za mialiko ya harusi, inaiendesha bila taabu. Kinachochukua muda ni kuzungusha msimu mzima wenye ligi ndogo zote; Mangi huuwasha wakati wa kwenda kula. Kiswahili hakimo ndani yake, na Kiingereza chake ni cha watu wa beseboli, kwa hiyo mgeni wa mchezo akae na mwenzake anayeufahamu kwa wiki za mwanzo.

Sehemu ya kadi, iitwayo Perfect Team, ambayo unakusanya wachezaji kwa vifurushi na kushindana na watu mtandaoni, siishauri kwa wenye hamu ya mjadala huu wa vikosi. Inaweza kuchezwa bure, lakini vifurushi vinauzwa kwa fedha halisi, na ladha yake inaelekea zaidi kwenye kubahatisha kuliko kwenye kupanga. Ninachokipenda zaidi ni ligi ya pamoja, ambapo kila mtu anashika klabu yake na biashara zinafanyika kati ya binadamu kwa binadamu. Kwetu Dada ndiye aliyeshika Cleveland, na tangu hapo hakuna aliyemuuzia kitu kwa faida.

Kwa mtu aliyeko Moshi au Arusha anayetaka kuianza sasa, nina ushauri wa wakati. Toleo linalouzwa Januari limejengwa juu ya msimu uliopita, maana yake lile la Januari 2026 halikuwa na Murakami ndani ya White Sox, na mtu atakayelinunua kwa matumaini ya kuamua hatima ya kikosi cha leo huenda akalazimika kucheza msimu wa 2025 kwanza, ambao hautafanana na ule uliotokea. Asubiri lile la Machi. Kama hawezi kusubiri, basi alinunue la zamani likiwa limepunguzwa bei, alitumie kujifunzia orodha ya 40, hiari za mikataba na Kanuni ya 5, na toleo jipya likitoka aanze upya akiwa anajua vitufe viko wapi. Sisi tumeshachanga nusu ya fedha, Mangi anazitunza katika droo ya wino, na klabu zimeshagawanywa isipokuwa White Sox yenyewe, ambayo imebidi ipigiwe kura ya siri baada ya watu wanne kuitaka.